Maji Kwenye Kabati Lililofungwa

Mtaani walimwita Bi Kufuli. Mwenyewe alijua, na wala hakununa. Aliona ni sifa. Alikuwa mpiga picha, studio yake ikiwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi, na kila kilichoweza kufungwa humo alikifunga. Droo ya karatasi za picha ilikuwa na kufuli. Friji ilikuwa na kufuli. Hata kabati la vikombe, lililokuwa na vikombe sita, vinne kati yake havina mkono, lilikuwa na kufuli la shaba lililogharimu kuliko vikombe vyote kwa pamoja. Funguo alizitunga kwenye kamba moja akaivaa shingoni, na kwa kuwa zililia kila alipopiga hatua, hakuwahi kumfumania mtu yeyote akifanya jambo lolote. Hilo nalo lilimtia shaka.

Asubuhi ya Jumatano alifungua kabati la kamera, akakuta kamera kubwa imelowa. Mtu mwingine angepiga ukelele. Bi Kufuli alisema neno moja tu: "Nilijua."

Kabati lenyewe lilikuwa la mbao nzito, limeegemea ukuta wa bafu. Chini kulikuwa na taa na miguu ya kamera. Katikati, juu ya kitambaa cha mahameli, ilikaa kamera kubwa, ile ya harusi na mahafali. Rafu ya juu kabisa, iliyopita kimo chake, ilikuwa ya fito zilizoachana. Hapo yalikunjwa mapazia ya kupigia picha, na nyuma yake kulikuwa na kifuko cha kuzuia unyevu alichokitundika kaka yake enzi za uhai wake. Bi Kufuli alikijua kifuko hicho kama mtu anavyoujua msumari wa ukutani. Kipo, basi.

Aliangalia dari: kavu. Akapitisha kiganja kwenye ukuta: baridi, lakini mkavu. Kufuli lilikuwa zima, halina mkwaruzo. Mahameli yalikuwa yamelowa katikati tu, pale ilipokaa kamera, na juu ya kamera palikuwa na maji mazito kidogo, ya kuteleza. Akayafuta kwa upindo wa gauni. Kisha akafanya kosa ambalo kila mtu hulifanya na hakuna anayelikiri: akaiwasha aone kama ni nzima. Taa nyekundu ikapepesa, ikazima. Akaiwasha tena. Safari hii haikupepesa chochote, ila alisikia harufu ya waya ulioungua.

Sasa tuelewane. Kabati limefungwa, ufunguo uko kifuani mwa mwenyewe, dari haivuji, na kamera imelowa. Akili ya Bi Kufuli haikuzunguka sana. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili, na yeye hakujimwagia maji.

Wa pili alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake. Kaka mtu ndiye aliyeanzisha studio, na alipofariki miaka miwili iliyopita mkewe alibaki palepale, chumba cha nyuma, kwa kuwa hakuwa na mtoto wala nyumba, ila dada yake mmoja wa mji mwingine aliyekuwa akimpigia simu kila mwezi amwambie njoo. Hakwenda. Alipokea wateja, akapiga pasi mapazia, akapika, akafagia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa Bi Kufuli mtu wa maneno machache alikuwa mtu anayeficha mengi.

Shaka yenyewe ilikuwa na mwanzo wake. Wiki tatu nyuma, Bi Kufuli alipokuwa akipanga picha za harusi, aliona namba hazifuatani. Kamera huipa kila picha namba yake, na namba haiongopi. Hapa palikuwa na elfu nne mia tatu na kumi na mbili, halafu moja kwa moja elfu nne mia tatu na kumi na tano. Mbili zimekwenda wapi? Akasubiri. Kesho yake zikapotea nyingine mbili. Mtu alikuwa akifungua kabati, akipiga picha, akizifuta. Picha za nini? Za nani? Mtu anayefanya jambo la halali hafuti alama yake.

Hakuuliza. Bi Kufuli hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa mtu wa kuchukua funguo. Enzi za kaka yake kabati lile lilikuwa na funguo mbili, na wa pili ulibaki kwa mjane. Siku moja asubuhi alimkuta uani akiosha sinia, akamnyooshea kiganja.

"Wifi, nipe ufunguo wa kabati la kamera."

Wifi alijifuta mikono, akautoa kwenye fundo la kanga, akampa. Hakubisha. Alisema tu, "Basi uwe unalifungua kila asubuhi. Kabati lile halitaki kufungwa muda mrefu."

Angalia huyu, aliwaza Bi Kufuli. Ufunguo sijauweka hata mfukoni, ameshaanza kutaka kabati liachwe wazi. Akageuka na kwenda zake. Siku hiyohiyo mvua ikaanza, ikanyesha siku kumi na mbili karibu bila kupumua, na kwa kuwa watu hawaoi kwenye matope, kamera kubwa haikuhitajika. Picha za pasi na vitambulisho alizipiga kwa kamera ndogo. Kabati hakuligusa mpaka Jumatano ile.

Fundi wa kamera alikaa ghorofani, juu ya duka la viatu, kwenye chumba chenye dirisha moja na taa yenye shingo ndefu. Walimwita Fundi Kibano kwa sababu hakukiweka chini kibano chake hata alipokunywa chai. Sukari aliikoroga nacho. Alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na mbele yake palikuwa na karatasi aliyochora umbo la kamera kwa penseli, ili kila skrubu akiitoa ailaze pale ilipotoka.

"Imeingia nini?" aliuliza.

"Maji."

"Maji gani?"

"Maji ni maji, fundi."

"Aa, mama. Maji siyo maji. Mwezi uliopita kaja bwana mmoja, kaapa kwa mama yake kwamba ni umande. Nafungua, nakuta mchuzi." Aliivuta kamera kwenye mwanga. "Uliiwasha?"

"Sikuiwasha."

Fundi aliinua miwani ya kwanza, kisha ya pili, akamtazama kwa macho matupu. "Mara ngapi?"

"Mbili," alisema Bi Kufuli, akatazama dirishani.

"Afadhali. Wengine huiwasha mpaka inafuka moshi. Na mchele je? Hukuifukia kwenye mchele?"

"Mchele wangu uko ndani ya kufuli."

Fundi alitoa betri, akatoa kadi ya picha, akaiweka kadi pembeni kwenye kisahani. Skrubu zikatoka moja moja. Alipolifungua ganda la juu, Bi Kufuli aliinama mpaka funguo zake zikagonga meza. Chini ya kitufe cha kupigia picha palikuwa na ukoko mweupe, na kwenye vijiti vya shaba palikuwa pameshaanza kuota kijani. Fundi alichukua pamba, akailowesha, akaupapasa ukoko, akagusisha pamba kwenye ncha ya ulimi wake.

"Chumvi," alisema.

"Nini?"

"Chumvi. Mvua haiachi ukoko, na soda ingenata. Haya yalikuwa maji ya chumvi, tena chumvi kali, iliyokolea, hakuna mtu angeyanywa."

Bi Kufuli alivuta pumzi ndefu. "Jikoni," alisema.

"Mimi sijasema jikoni. Nimesema chumvi." Fundi alielekeza kwa kibano. "Na tazama, yameingia hapa juu tu. Hayakumwagwa. Yangemwagwa yangeingia kila upande. Haya yameingia kidogo kidogo, kwa siku kadhaa."

"Kwa kijiko basi!" alisema Bi Kufuli. "Kila siku kijiko kimoja. Loo, mjanja huyo."

Fundi alimwangalia juu ya miwani. Alikuwa amezoea wateja wanaodanganya, lakini huyu alikuwa wa aina nyingine, huyu aliambiwa ukweli akaugeuza palepale mezani. Akaacha. Alimweleza kwamba ataiosha kwa maji ya betri, yale yasiyo na chumvi hata chembe, kisha kwa spiriti, kisha ataiacha ikauke siku tatu, na kwamba haahidi kitu. Aje Jumamosi.

"Na kadi?"

"Kadi ni nzima."

"Picha iliyofutwa unaweza kuirudisha?"

"Mara nyingi naweza, kama hazijaandikwa nyingine juu yake."

"Nirudishie zote," alisema Bi Kufuli. "Kila iliyofutwa. Nataka kumwona mtu kwa macho yangu."

Alhamisi nzima aliitumia kupeleleza. Alianza kwa mafundi wa funguo, wote watatu wa soko lile, akiwaonyesha ufunguo wa kabati na kuwauliza kama mwanamke mrefu, mkimya, amewahi kuja kuchongesha wa namna hii. Wawili walisema hapana. Wa tatu alisema anaweza kumchongea mmoja sasa hivi, papo hapo, na kwa jibu hilo Bi Kufuli akamtilia shaka hata yeye.

Kisha akarudi nyumbani, na wifi yake alipotoka kwenda dukani, akaingia jikoni. Kopo la chumvi lilikuwa limejaa. Hilo halikumridhisha. Akaingia chumba cha nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu kaka yake azikwe, na chini ya kitanda, ndani ya kikapu, akakuta pakiti mbili za chumvi ya mawe, moja nzima na moja imefunguliwa. Nani huweka chumvi chini ya kitanda? Aliirudisha kama alivyoikuta, akaufuta hata mkunjo wa shuka alipoegemea. Yeye pia alijua kufuta alama.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake kubwa, kubwa kuliko la kuiwasha kamera. Neno chumvi alilifungia. Aliwaza kama askari mpelelezi: nisilitaje, nimwache ajiropokee mwenyewe. Angelitaja jikoni siku ile, hata kwa hasira, hata kwa matusi, mambo yangeishia palepale na mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini Bi Kufuli hajawahi kumpa mtu kitu kilichofungwa.

Jioni, wifi akiandaa meza, alianza.

"Kamera kubwa imeingia maji."

Wifi aliweka sahani chini. "Imeingia maji? Wapi?"

"Kabatini. Ndani ya kufuli."

Wifi aliuliza polepole, "Kabati umelifungua lini mara ya mwisho?"

"Maswali nauliza mimi."

"Wifi, nifungulie. Dakika moja tu. Nikuonyeshe kitu."

"Unionyeshe!" Bi Kufuli alicheka bila furaha. "Uingie ukafute alama zako mbele ya macho yangu? Humo hukanyagi. Nani alikuwa anapiga picha na kamera yangu asubuhi asubuhi halafu anazifuta?"

"Mimi," alisema wifi.

Bi Kufuli hakutegemea jibu lile. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, na ukweli ukamyumbisha kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Kisha akajishika.

"Haya. Umekiri mwenyewe. Za nini?"

"Nifungulie kabati nitakwambia."

"Sifungui."

"Basi." Wifi alikunja kitambaa cha mkono, akakinyoosha, akakikunja tena. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti haikutetemeka. "Miaka miwili nimekaa humu, wifi. Kila nikipita mlangoni unanitazama mikono. Nimekuomba mara mbili nikuonyeshe, umekataa. Mara ya tatu sitaomba."

"Fundi anazirudisha picha zilizofutwa. Jumamosi nitaziona. Zikionyesha ninachokijua, ufungashe uende kwa dada yako."

"Na zisipoonyesha?"

"Zitaonyesha," alisema Bi Kufuli.

Ijumaa wakafanya kazi kimya, mmoja akipokea wateja na mwingine akiwapiga picha, na wateja wenyewe, waliokuja kupiga za pasi, walitoka kwenye picha wakiwa wamekunja nyuso.

Jumamosi mvua ilikatika. Jua lilitoka kali, na Bi Kufuli alipanda ngazi za duka la viatu mbili mbili, funguo zikimlilia kifuani. Fundi Kibano alikuwa amegeuza kompyuta imtazame mteja.

"Kamera imewaka," alisema. "Kioo kidogo cha juu kimekufa, hicho usahau. Mengine yanafanya kazi."

"Picha," alisema Bi Kufuli.

"Nimepata kumi na tisa."

Alibonyeza. Kioo cha kompyuta kikawa cheupe. Bi Kufuli akasubiri picha ije.

"Hiyo ndiyo picha," alisema fundi.

"Hiyo ni nini?"

"Ukuta." Akabonyeza tena. Cheupe. Akabonyeza tena. Cheupe tena, safari hii na kivuli kidogo pembeni. "Ukuta, ukuta, ukuta. Kumi na nane zote ukuta. Na tazama saa zake: saa moja na dakika nne asubuhi. Saa moja na dakika sita. Saa moja na dakika tano. Kila siku ya Mungu, mbili mbili."

"Kompyuta yako mbovu."

"Kompyuta yangu nzima. Mama, huyu aliyepiga ni nani? Ni mwanafunzi wako?"

Bi Kufuli alisogeza uso karibu na kioo.

"Basi huyu anaijua kazi," aliendelea fundi. "Unapiga ukuta mweupe, unaikuza picha, unatafuta doa. Kuvu likianza kuota kwenye lenzi, hapo ndipo linapojitokeza kwanza. Ukiona safi unaifuta, isijaze kadi. Zamani wote tulifanya hivi. Siku hizi nani ana muda? Wewe unafanya?"

Yeye hakufanya. Aliyekuwa akifanya ni kaka yake, na Bi Kufuli alikuwa akimcheka. Unampigia picha nani, ukuta? Mwambie basi atabasamu. Na kaka yake alikuwa akijibu, bila kugeuka, kwamba ukuta ndiyo mteja pekee asiyelalamika. Alikumbuka sauti yenyewe, pale pale kwenye kiti cha fundi.

"Na hii moja ndiyo imenishangaza," alisema fundi. "Mkono uliteleza, akapiga pembeni."

Ilikuwa dirisha la studio, limekatwa nusu. Kwenye kizingiti chake, juani, palikuwa na sinia. Fundi aliikuza picha. Ndani ya sinia kulikuwa na mawe madogo meupe, yamesambazwa vizuri, na kando yake kifuko kitupu cha kitambaa kimegeuzwa nje ndani.

Fundi alikuna kidevu kwa kibano. "Kumbe mna chumvi kabatini! Ungeniambia siku ile tusingesumbuka. Ya kunyonya unyevu, siyo? Dawa nzuri sana, ya zamani. Ila ina masharti. Sharti uitoe kila siku uianike, jua likikosekana uikaange. Ukiisahau siku kumi hivi, tena mvua zikiwepo, inashiba. Na ikishashiba inaanza kuyatema maji. Tone, tone, tone. Ilikuwa juu ya kamera?"

Bi Kufuli aliangalia tarehe ya picha ya mwisho. Ilikuwa siku moja kabla hajaunyoosha mkono pale uani. Wifi alikuwa akiosha sinia. Sinia lile lile, alilolipita dirishani kila siku bila kulitazama. Kabati lile halitaki kufungwa muda mrefu, alisema, na yeye akageuka na kwenda zake.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni, akaona masikio yanamchoma. Aliondoka bila kamera, bila kuaga, na fundi akabaki na kibano hewani.

Nyumbani, wifi yake alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, amevaa viatu vya safari, begi miguuni. Mkononi alishika ufunguo wa mlango wa nyuma. Hakutaka kuuacha chini ya kapeti halafu upotee aambiwe ameuiba. Alimsubiri mwenyewe aupokee.

"Zimeonyesha?" aliuliza.

"Ukuta," alisema Bi Kufuli. Alikuwa akihema. "Wifi, zimeonyesha ukuta."

Aliivua kamba shingoni, akalifungua kabati. Wakasimama wote wawili mbele yake. Wifi, aliyekuwa mrefu, alisogeza mapazia ya rafu ya juu. Kifuko kilikuwa kimenona, cheusi kwa maji. Tone likajikusanya chini yake, likanenepa, likapita katikati ya fito, likadondoka kwenye mahameli pale pale ilipokuwa ikikaa kamera.

"Nilikunyang'anya ufunguo," alisema Bi Kufuli, "halafu nikakulaumu kwa nilichokifanya mimi. Nisamehe, wifi yangu. Nimekosa. Nimeingia hata chumbani kwako, nimekuta chumvi chini ya kitanda, nikaona ni ushahidi."

"Niliiweka pale kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii isiyo na kufuli." Wifi alisema bila ukali. Akaleta bakuli, akakishusha kifuko, akakikamua. Maji yaliyotoka yalijaza robo. Akachukua sinia, akamwaga chumvi, akaitandaza kwa kiganja, akaipeleka dirishani penye jua. Akanawa mikono. Alifanya yote hayo akiwa amevaa viatu vya safari, na Bi Kufuli alipoona kazi imerudi mikononi mwa mwenyewe, alishusha pumzi akadhani yamekwisha.

"Sikiliza sasa," alisema wifi. "Saa moja asubuhi, kabla ya wateja. Jua likiwepo, dirishani. Likikosekana, kwenye kikaango, moto mdogo, usiache kuikoroga. Ikipungua unaongeza, pakiti nimekuachia jikoni. Jioni unairudisha. Halafu unapiga ukuta mara mbili, kwanza tundu la lenzi likiwa wazi, kisha limebanwa, unatafuta doa. Yeye alikuwa akifanya hivyo, nami nilimwahidi siku za mwisho kwamba kamera haitaota kuvu. Ndiyo maana nilikuwa nafanya."

Bi Kufuli alisikiliza akiitikia kwa kichwa, mpaka alipofahamu anachoambiwa.

"Mbona unanifundisha? Si upo?"

Wifi alimwekea ufunguo wa mlango wa nyuma kiganjani, akakifunga kiganja kwa mkono wake.

"Hujanisamehe," alisema Bi Kufuli, na machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

"Nimekusamehe. Kukaa ndiyo siwezi." Akaliinua begi. "Dada amenitandikia kitanda."

"Na nikisahau? Wifi, nikiisahau chumvi siku moja?"

Wifi alikuwa ameshafika mlangoni. Alifikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. "Ukisahau," alisema, "safari hii hutakuwa na wa kumshuku."

Hakuubamiza mlango wala nini. Aliurudisha taratibu, na Bi Kufuli akasikia hatua zake zikishuka ngazi za mbele, zikapita chini ya dirisha lenye sinia, zikapotea barabarani.

Alikaa kwenye benchi la wateja. Hakujua alikaa muda gani. Wateja wawili walichungulia, wakamwona, wakaenda zao. Kabati lilikuwa wazi kabisa, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuliona ndani yake akiwa ameketi. Kamba ya funguo ilikuwa sakafuni pale alipoiangusha.

Mchana, wingu likafunika jua. Akasikia kwenye bati tone la kwanza, la pili, kisha mengi.

"Wifi!" aliita, kama alivyozoea kuita kila nguo zilipokuwa kambani. "Wifi, anua! Mvua!"

Alisubiri asikie kandambili zikikimbia ukumbini. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akalianua sinia mwenyewe.